Waya wa Moyo na Kazi Nyepesi

Kama umekalia benchi la wagonjwa wa moyo na nesi amekwambia usubiri, basi muda wa kusoma unao. Mimi nimeyakalia mabenchi hayo kwa miaka, na nilichokikosa siku zote ni mtu wa kuniambia kwa maneno ya kawaida maisha yanakuwaje ukisharudi nyumbani na mashine kifuani. Madaktari wanaujua moyo, lakini jikoni kwako hawajawahi kufika. Hayo ya jikoni na shambani ndiyo nitakayoyasema, na ya moyo nitawaachia wenyewe.

Jina langu ni Kabula, ingawa kijijini hakuna anayeniita hivyo. Wananiita Mayu Milembe, mama yake Milembe, kwa kuwa Milembe ndiye mtoto wangu wa kwanza, na kwetu Usukumani ukishazaa jina lako unalisikia kanisani tu. Mume wangu ni Ndaki, mkulima wa pamba. Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Bariadi. Tulihamia hapo wakati wa Operesheni Vijiji, nyumba zikapangwa kwa mistari kama matuta ya viazi. Nilisoma misheni hadi darasa la nane, na jioni nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima katika ofisi ya chama. Nalitaja hilo ili usije ukafikiri yaliyonipata yalitokana na kutojua kusoma.

Ugonjwa ulinianza msimu wa kuvuna. Nilianguka mara ya kwanza kwenye kituo cha kununulia pamba, nikiwa kwenye foleni ya mizani. Waliokuwa karibu walisema ni jua, wakanimwagia maji, nikarudi kwenye foleni. Mara ya pili nilianguka kanisani, ambako jua halikuwepo. Miguu ikaanza kuvimba hata viatu vikanikataa. Kulala chali nikashindwa, nikawa nalala nimeegemea magunia ya pamba, na nikienda kisimani napumzika njiani kama bibi kizee. Wifi yangu Ngolo, dada mkubwa wa Ndaki, alinitazama miguu, akanitazama tumbo, akasema nina mimba. Wakati huo binti yangu alikuwa ameshaolewa Kiloleli na yeye ndiye aliyekuwa na mimba.

Hospitali ya wilaya walinisikiliza moyo, wakaitana, wakasikiliza tena. Ulikuwa umepanuka na kulegea, na juu ya hayo ulikuwa unapiga polepole mno. Wakanipa vidonge vya kukojoa na barua ya kwenda mbele. Kutoka hapo ilikuwa hospitali hadi hospitali, mpaka Dar es Salaam, ambako alikuwepo daktari mgeni aliyekuja kwa muda na mashine chache za moyo. Mashine yenyewe ni kidude cha chuma unachoweza kukifumba kiganjani. Waliniwekea chini ya ngozi, upande wa kushoto, chini kidogo ya mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani. Kutoka kwenye kidude hicho waya mwembamba unaingia kwenye mshipa na kushuka hadi ndani ya moyo, unaugusa na kuukumbusha kupiga. Sikulala usingizi wa dawa. Walitia ganzi mahali pale, nikawa nawasikia wakizungumza habari za chakula cha mchana.

Baada ya siku chache miguu yangu ilikuwa na mifupa tena. Nilikuwa nimesahau kwamba nina vifundo. Ukiwekewa na wewe, utaona kwamba furaha ya kwanza si moyo wala pumzi, ni kuvaa viatu vyako mwenyewe. Nilifurahi sana, na sioni haya kulisema.

Nilirudi nyumbani na karatasi ya daktari iliyosema mambo machache: asilime, asibebe mizigo, mkono wa kushoto asiunyanyue ovyo, chumvi apunguze. Sista alinifundisha pia kushika mapigo kwenye kifundo cha mkono na kuyahesabu kwa saa ya Ndaki, na akanionya kwamba yakishuka sana nisikae nikiyatazama.

Chumvi ndiyo iliyoleta ugomvi wa kwanza. Mlenda usio na chumvi si chakula cha kumpa mtu mzima, na Ndaki alikuwa muungwana kiasi cha kuula bila kusema kitu, lakini si kiasi cha kuumaliza. Ngolo alikuja siku moja akaonja, akainuka, akaenda kwake na kurudi na chungu chake. Tangu siku hiyo Ndaki akawa anakula nusu kwangu na nusu kwa dada yake, na mimi nikajifanya sijui.

Ugomvi wa pili ulihusu jembe. Wakati ule kila kaya ilikuwa na siku zake za kulima shamba la kijiji, na asiyefika alitajwa mbele ya mkutano. Karatasi yangu ilisomwa na mwenyekiti, mtu mpole aliyependa mambo yaende kwa utaratibu. Akaisoma kwa sauti, akaikunja, akawauliza wanakijiji wanasemaje. Mzee mmoja akauliza kama ni kweli nina betri. Nikasema ni kweli. Akataka kujua ni betri za ukubwa gani, zile kubwa au zile ndogo, kwa sababu redio yake ilikuwa imenyamaza tangu mavuno na madukani Bariadi betri zilikuwa hazionekani. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Ngolo hakucheka. Alisimama akasema, "Sisi tuna majembe, yeye ana betri. Sawa. Lakini mkono unaoshika chaki ya kisomo unashindwaje na kazi zote?"

Lilikuwa swali la haki. Mwenyekiti akafikiri, akatoa uamuzi ambao wote tuliuona ni wa hekima. Akasema, "Mama huyu mgonjwa, jembe hatumpi. Tutampa kazi nyepesi. Atakaa na watoto wa wanaolima."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mlezi wa watoto wa kijiji. Kila asubuhi akina mama walipita kwangu wakielekea shambani, wakinisalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu." "Mwangaluka." Kisha mtoto anashushwa mgongoni mwao na kuachwa kwangu. Wakubwa walicheza mavumbini. Wadogo walilia, na mtoto mdogo anayelia dawa yake ni moja. Unainama, unamweka mgongoni, unazungusha kanga, upande mmoja unapita chini ya kwapa la kulia, upande wa pili juu ya bega la kushoto, unafunga fundo kifuani na kulikaza vizuri. Mkono wa kulia unabaki huru wa kukoroga uji. Nilifanya hivyo tangu nikiwa msichana mdogo wa Lalago, nikiwabeba wadogo zangu huku nikichunga ndama, na sikuwahi kujifikiria wakati nafunga, kama vile mtu asivyojifikiria anapomeza mate.

Fundo lilikaa juu ya kile kidude. Nililiona, bila shaka. Lilinibana kidogo siku za mwanzo, nikalisogeza, kesho yake likarudi palepale. Ngozi ikazoea.

Msimu wa pili wa kupanda tangu nirudi ulipofika, Milembe akaniletea mwanawe Holo kutoka Kiloleli. Kwetu mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi, ili asimwone mama yake akakumbuka, na mama naye asisikie kilio akalegea. Holo alikuwa mzito, na alikuwa na kilio cha mtu mzima aliyedhulumiwa. Nilimbeba asubuhi, nilimbeba jioni, nilimbeba nikifundisha kisomo. Wanafunzi wangu wazee walisoma silabi zao huku Holo akiwatazama juu ya bega langu kama mkaguzi. Ngolo alipita akaniambia, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Alikuwa anamaanisha nitamdekeza. Hakuna kati yetu aliyejua jinsi methali ile ilivyokuwa inanihusu.

Kabla mvua hazijaisha, nyama ya kifuani karibu na kidude ikaanza kucheza yenyewe, kama kope inavyocheza. Nikasema ni uchovu. Baadaye nikawa nikimrusha Holo mgongoni, macho yanaingia giza, halafu giza linaondoka. Zahanati walinipa klorokwini, dawa ya malaria. Wiki nyingine nilikuwa mzima kabisa, nikahesabu mapigo yakawa yale yale mazuri, nikaona nilikuwa najitisha. Hivi ndivyo waya unavyodanganya ukianza kukatika. Leo unashika, kesho unaachia, na daktari ukimwendea siku unayoshika anakuambia huna kitu.

Pamba ilipoanza kupasuka, nilianguka nikiwa na mtoto wa jirani mgongoni. Mtoto hakuumia, aliangukia juu yangu. Mimi nilipofungua macho nilishika mapigo, nikasubiri, nikasubiri tena. Miguu ilikuwa imerudia kuvimba siku kadhaa na nilikuwa nimeificha kwenye kanga. Usiku nilikuwa nimerudi kwenye magunia. Ndaki alinikuta nimekaa hivyo akasema, "Kumbe tumerudi pale pale."

Siku zile ndipo niliposikia kwamba Ngolo amemshauri mdogo wake Ndaki aoe mke wa pili. Hakunisengenya, alikuja kunieleza mwenyewe, kwa sababu ndiyo tabia yake. Akasema kaya haiwezi kuendeshwa na mtu mmoja, shamba halingoji, na mke wa pili angenipumzisha. Nilimuuliza Ndaki alijibu nini. Akasema alijibu kwamba hana ng'ombe wa kutosha. Nilingoja aongeze neno, hakuongeza. Jibu lile liliniuma kuliko kuanguka, na mpaka leo sijamwambia.

Safari ya pili ya Dar es Salaam ilikuwa ya mimi na Ngolo. Ndaki hakuweza kuacha pamba ikianguka chini, na wodi ya wanawake haimtaki mwanamume wa kumwogesha mgonjwa. Tulipanda lori la pamba hadi Maswa, tukalala Binza kwa binamu yake, tukaenda Shinyanga kupanda treni. Kama unatumia vidonge vya kukojoa na unasafiri kwa treni daraja la tatu, sikiliza ushauri wangu: kaa karibu na mlango wa choo na usione aibu kumwamsha aliyelala njiani. Ngolo alinitangulia kila mara akisema, "Pisheni, mgonjwa anapita." Kufika Tabora behewa zima lilikuwa linanijua.

Kule hospitali tulisubiri. Ukumbi ulikuwa na mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na nguo za watu, na dirisha moja ambalo sista alilifungua na kulifunga. Watu walisubiri kwa namna zao. Mama mmoja wa Pwani, mwenye buibui na sauti nzuri, alikuwa akituhadithia maradhi yake tangu mwanzo kila alipokuja mgonjwa mpya, na tulipokuwa tumemzoea tulimsaidia sehemu alizosahau. Alinigawia chungwa lililomenywa, nyuzi zote zimeondolewa. Mambo madogo kama hayo ndiyo niliyoyahifadhi. Sura ya daktari aliyenipima siku ya kwanza siikumbuki.

Picha ya eksirei ilitundikwa kwenye mwanga. Daktari mgeni alikuwepo bado, na pembeni yake daktari wa kwetu, kijana wa Kitanzania aliyekuwa anajifunza kazi ile. Nikaona kidude changu, na waya ukitoka, na chini ya mtulinga nikaona nafasi. Ilikuwa nafasi ndogo tu, kama uzi uliokatwa na meno.

"Ulikuwa unalima?" akauliza daktari mgeni, na kijana akatafsiri, ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Hapana."

"Kubeba maji? Kuni? Magunia?"

"Hapana. Kijiji kizima ni shahidi. Walinipa kazi nyepesi."

Ngolo aliyekuwa amesimama mlangoni akasema, "Ni kweli, Daktari. Tumemlinda huyu. Hata ndoo hagusi."

Wakatazamana. Daktari mgeni akasema pengine waya ulikuwa mbovu tangu kiwandani. Yangeishia hapo, ningewekewa mwingine na kuukata vile vile. Lakini yule kijana aliuliza kazi nyepesi ilikuwa kazi gani. Nikamwambia, kulea watoto. Akaniuliza nilikuwa nawalea wamekaa au wamebebwa. Nikamjibu kwamba mtoto anayelia hakai.

Akainama akachukua kanga ya Ngolo kwenye kiti, akanipa. "Hebu nionyeshe, mama. Funga kama kawaida."

Nikainama na kufunga mtoto asiyekuwepo. Chini ya kwapa la kulia, juu ya bega la kushoto, fundo kifuani. Nilipolikaza nilisikia kidude kikizama, nikabaki nimelishika. Daktari mgeni aliangalia fundo, akaangalia picha, akaangalia fundo. Kijana akacheka, kicheko cha huzuni, akasema, "Mama yangu naye angefanya hivi hivi."

Ngolo akauliza polepole, "Sasa mtoto naye ni mzigo?"

Naomba usome hapo mara mbili kama na wewe umewekewa. Daktari aliandika nisibebe mizigo, na sisi wote, kuanzia mwenyekiti hadi mimi mwenyewe niliyesoma misheni, tuliheshimu andiko lile. Hakuna aliyevunja sharti. Kwetu gunia ni mzigo, kuni ni mzigo, hata mume mlevi ni mzigo. Mtoto mgongoni ni mtoto. Kwa hiyo ukiulizwa unafanya kazi gani, usijibu kazi. Eleza siku yako nzima, tangu unapofunga kanga asubuhi mpaka unapoifungua.

Walituambia njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuacha mambo yalivyo, kurudi nyumbani na vidonge, na moyo uende kadiri utakavyokwenda. Daktari hakuificha sura yake alipoitaja hiyo. Ya pili, kupitisha waya mpya upande wa kulia, kwa ganzi tu kama mara ya kwanza. Mshipa wa kushoto ulikuwa umeziba na haungepitisha waya mwingine. Hiyo ndiyo aliyoipendelea, lakini kwa sharti: hakuna fundo, hakuna mtoto, bega lolote, maisha yangu yote, kwa sababu waya wa kulia nao ukikatika, mahali pengine pa kupitishia hapatakuwepo. Ya tatu, kunipasua chini ya kifua na kuushona waya juu ya moyo kwa nje, na mashine ikae tumboni. Mabega yangebaki huru. Ila hiyo inataka usingizi wa dawa, na kwa moyo kama wangu hakuweza kuahidi kwamba ningeamka.

Alitaka pia mume akubali. Tukapeleka simu ya maandishi Bariadi, tukasubiri tena. Jibu la Ndaki lilikuja likiwa fupi kama yeye: FANYENI ANAVYOTAKA YEYE. Nilikasirika kidogo, kwa sababu nilikuwa nategemea mtu mwingine aseme ili nipate wa kumlaumu.

Nilikuwa ninayataka mabega yangu. Huo ndio ukweli wenyewe, na nilimwambia Ngolo tukiwa kwenye benchi, baada ya mama wa Pwani kuitwa ndani. Nilimwambia nachagua kushonwa.

Akanitazama. "Ile ya kutoamka?"

"Ile ya mabega."

"Unataka kufa kwa ajili ya mgongo?"

Nikamwambia yeye haelewi. Nikamwambia jembe nimenyang'anywa na sikulia, chumvi nimenyang'anywa na sikulia. Mume wangu anakula kwenye chungu cha mtu mwingine. Lakini Milembe bado anazaa, na watoto wake wataletwa kwangu kuachishwa ziwa, na bibi asiyeweza kumbeba mjukuu ni bibi wa nini, si bora wampeleke kwa jirani. Nilisema mengi.

Ngolo alikuwa ameshakuwa mtu mzima tayari wakati mimi naolewa, visigino vimepasuka kwa jembe, na sikuwahi kumwona akinionea huruma. Wala sasa hakunionea.

"Mimi ndiye niliyesema upewe kazi," akasema. "Na nilisema Ndaki aoe. Yote nilisema kwa sababu ya kazi. Sasa nasema hivi. Watoto tutawabeba sisi. Wewe uwepo duhu." Duhu ndilo neno letu la "tu".

"Uwepo wa kufanya nini?"

"Sijui. Mimi si daktari."

Sista akatoka akaita jina langu la kanisani. Nikaingia, nikamwambia daktari nachagua upande wa kulia. Nilitaka kuishi, na nilitaka mabega, na havikuwa mahali pamoja. Sikulifurahia chaguo lile siku hiyo, wala sikulifurahia kwa mwaka mzima uliofuata.

Ganzi, taa, mazungumzo ya juu ya kichwa changu. Safari hii walizungumzia foleni ya sukari. Waya wa zamani waliuacha humo humo wakaufunga mdomo, kwa kuwa kuung'oa kungeleta hatari nyingine. Kwa hiyo ninao wawili, mmoja hai na mwingine maiti, na mara nyingine nikiwa kanisani nawaza kwamba nitazikwa na chuma kingi kuliko baiskeli ya Ndaki. Kidude cha zamani kilitolewa. Yule mzee wa redio aliulizia kilipo mara tu nilipofika nyumbani, nikamwambia kimebaki Dar es Salaam, akasikitika kweli.

Mwenyekiti aliita mkutano, akaeleza kwa utaratibu kwamba kulea si kazi nyepesi. Wanawake walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaanza kucheka, na wakacheka mpaka naye akacheka. Kazi yangu ikawa kuandika mahudhurio ya shamba la kijiji. Holo akarudishwa Kiloleli.

Mvua zikaja, pamba ikapandwa, ikavunwa, ikapandwa tena. Ilikuwa miaka ya vita vya Kagera na ya foleni za madukani zilizofuata, na kila mtu alikuwa amepungukiwa kitu, hivyo yangu hayakuwa makubwa. Nilikwenda kupimwa Mwanza kila baada ya mavuno. Vifundo vyangu naviona. Ndaki hakuoa, na sijawahi kumuuliza ni kwa sababu gani. Chumvi nimeizoea kukosekana, ingawa yeye bado.

Kisha Milembe akaleta mtoto wake wa pili, Sayi, aachishwe ziwa. Sikutaka. Nilimwambia ampeleke kwa mama mkwe wake. Akasema mama mkwe wake hakumzaa yeye, akamweka chini, akaondoka haraka kama inavyotakiwa.

Sayi alilia kwanza mlangoni. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani, napembua mtama. Nilimwita, nikampakata, akajinyonganyonga akashuka. Nikampa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akaitupa. Nikamwimbia. Akanyamaza kidogo akanizunguka, akaja nyuma yangu, akanilalia mgongoni, mikono yake miwili juu ya mabega yangu, akatulia. Alikuwa anasubiri kufungwa. Alijua kabisa mahali pake, hakuna aliyemfundisha, na alikuwa amefanya sehemu yake yote. Nilisikia moyo wake kupitia mgongo wangu, unapiga mbio. Kanga ilikuwa kiunoni mwangu. Nilibaki nimekaa na ungo magotini, na nililia bila kutoa sauti ili asijue.

Alipoona kanga haiji, alianza tena, na safari hii alilia mpaka akakauka sauti.

Ngolo alitokea njia ya shambani. Nyumba zetu ziko mstari mmoja, na shamba lake linaanza nyuma ya choo chetu, kwa hiyo alikuwa amesikia yote tangu mwanzo. Alikuwa na udongo hadi magotini. Aliegemeza jembe ukutani, akaniangalia uso, akageukia mtoto. Akainama kwa shida, akamrusha mgongoni, akafungua kanga yake, akaizungusha, akafunga fundo na kulikaza. Sayi akashusha pumzi ndefu, akalaza shavu.

Nikamuuliza, "Hujachoka?"

"Nimechoka sana," akasema Ngolo. Akachukua jembe lake, akarudi naye shambani.